Pampu inayopita mshipani hadi ndani ya moyo: inampa nini mgonjwa, na inamdai nini

Muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi anapomfikia mgonjwa aliyewekewa pampu ya moyo, mkono wake hauendi kwanza kifuani. Anafunua shuka upande wa miguu. Anaushika wayo mmoja, anausikilizia kama una joto, anaulinganisha na wa pili, kisha anabonyeza kidole gumba na kukiachia, akitazama rangi inarudi kwa haraka gani. Saa ijayo atarudia, na saa itakayofuata, mpaka kuche.

Anauhangaikia mguu kwa sababu pampu haikuingilia kifuani. Iliingilia kinenani, kwenye ateri kubwa inayopeleka damu mguuni, ikapandishwa taratibu hadi ndani ya moyo wenyewe. Waya na mpira wake bado vimepita pale kinenani, vimebana njia ya damu ya mguu. Moyo unapata nafuu huku mguu ukidaiwa. Watu wengi wakisikia habari za kifaa hiki husikia upande wa kwanza tu. Madaktari nao iliwachukua miaka mingi kujua ni mgonjwa yupi ambaye kwake faida inalizidi deni.

Kabla ya kuingia ndani, tutenganishe mambo mawili ambayo Kiswahili chetu cha kila siku huyachanganya. Tunaposema mtu amepata mshtuko wa moyo, kwa kawaida tunamaanisha kwamba mshipa mmojawapo unaoulisha moyo umeziba, mara nyingi kwa damu iliyoganda, na sehemu ya nyama ya moyo inakufa kwa kukosa damu. Hilo ni la kwanza. La pili humpata mgonjwa 1 kati ya 10 au 1 kati ya 20 wa aina hiyo: nyama iliyoumia ni kubwa kiasi kwamba moyo haumudu tena kusukuma damu ya kutosha mwili mzima. Presha inashuka, ngozi inakuwa ya baridi na jasho, mkojo unakauka, mgonjwa anaanza kuweweseka. Madaktari huita hali hii shoki, na hapa nitaiita shoki ya moyo ili isichanganywe na ule mshtuko wenyewe. Hata mshipa ukizibuliwa katika hospitali nzuri kabisa, karibu nusu ya wanaofikia hatua hii hufariki.

Ubaya wake ni kwamba shoki hujilisha yenyewe. Moyo nao unahitaji damu, na mishipa inayoulisha huanzia kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni. Presha ya aota ikishuka, moyo unapata damu kidogo. Ukipata kidogo, unasukuma kidogo zaidi, na presha inazidi kushuka. Dawa za kuupa moyo nguvu, kama dobutamini na noradrenalini, hupandisha presha, lakini zinaudai moyo uliochoka ufanye kazi zaidi. Ni sawa na kumchapa punda aliyeanguka chini ya magunia. Atainuka, atapiga hatua mbili tatu, ila anachohitaji hasa ni kutuliwa mzigo.

Kumtua mzigo ndilo wazo lenyewe. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika, na kazi kubwa hufanywa na chumba cha chini cha kushoto, chenye ukuta mnene kuliko vingine. Damu ikitolewa ndani ya chumba hicho na kupelekwa kwenye aota na kitu kingine, ukuta wake haukazwi tena kwa nguvu zilezile, hauli oksijeni nyingi, na mwili unaendelea kupata damu wakati moyo unapumua.

Jaribio la mwanzo lililoenea duniani halikutoa damu kabisa. Mwaka 1967 huko Brooklyn, New York, daktari Adrian Kantrowitz alianza kutumia puto refu linalowekwa ndani ya aota: moyo ukilegea puto linajaa gesi, moyo ukikaza linanywea. Ni ujanja mzuri na wa bei nafuu, na kwa miongo kadhaa puto hilo lilikuwa msaada wa kawaida. Lakini linategemea moyo uendelee kufanya kazi, na nyongeza yake ni ndogo. Wajerumani walipolipima kwa wagonjwa 600 wenye shoki ya moyo na kutoa matokeo mwaka 2012, katika siku 30 walikufa asilimia 39.7 ya waliowekewa na asilimia 41.3 ya wasiowekewa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuthibitisha kwamba puto linaokoa maisha.

Wazo la pampu ya kweli lilitoka Misri. Mwaka 1976 daktari Mmarekani aitwaye Richard Wampler, ambaye pia alikuwa na elimu ya uhandisi, alikuwa huko kwa kazi ya kitabibu akaona wanakijiji wakipandisha maji kwa parafujo ya Arkimedes: bomba lililolazwa mshazari, ndani yake kuna parafujo, ukizungusha mpini maji yanapanda. Atakayetaka kuona kanuni hiyo bila kwenda Misri aitazame mashine ya kusagia nyama. Ndani ya tumbo lake mna parafujo ileile, inayosukuma nyama mbele bila pistoni wala vali yoyote. Wampler akajiuliza kama kitu cha namna hiyo, kikifanywa kidogo sana, hakiwezi kupandisha damu.

Waliomsikia walikuwa na pingamizi lililoonekana halina jibu. Mashine ya kusagia nyama husaga! Seli nyekundu ya damu ni kifuko laini chenye upana wa takribani vipande 8 vya milimita, milimita moja ikigawanywa mara elfu moja. Ukiiweka kwenye parafujo inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, si utapata supu tu?

Jibu limo katika muda. Seli hupasuka kwa mambo mawili yakienda pamoja: nguvu inayoivuta na kuikwaruza, na muda inaokaa kwenye nguvu hiyo. Kwenye pampu ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa, nguvu ni kali kweli, lakini seli inapita kwenye parafujo kwa vipande vichache tu vya sekunde iliyogawanywa mara elfu moja na kutoka upande wa pili kabla haijavutwa vya kutosha kupasuka. Wampler aliliona hilo wakati wengi hawakuliona, na aliposhikilia msimamo wake alikuwa sahihi.

Aprili 1988, huko Houston, Texas, daktari wa upasuaji O. H. Frazier aliweka pampu ya Wampler, iliyoitwa Hemopump, kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Mgonjwa alikuwa mwanamume ambaye mwili wake ulikuwa unaukataa moyo aliopandikizwa. Pampu ilimbeba kwa takribani siku mbili, moyo ukapata nafuu, ikatolewa. Ilikuwa na unene wa milimita 7, sawa na penseli, ikizunguka hadi mara 25,000 kwa dakika. Ila mota yake ilikuwa nje ya mwili: waya mrefu unaonyumbulika ulizungushwa ndani ya mpira, kutoka kinenani hadi moyoni. Waya unaozunguka kwa kasi hiyo ndani ya njia yenye kona hukatika, na huo ulikuwa mmoja wa udhaifu wake. Hemopump haikupata kibali cha kuuzwa kama tiba ya kawaida Marekani, ikafifia.

Waliofumbua fumbo la waya walikuwa wahandisi wa Aachen, Ujerumani, katika Taasisi ya Helmholtz, miongoni mwao Thorsten Siess. Katika miaka ya 1990 waliitengeneza mota ndogo kiasi cha kuingia nayo mshipani, wakaiweka karibu kabisa na parafujo. Kilichobaki kupita kinenani kikawa ni nyaya za umeme na mrija mwembamba wa maji, si kitu kinachozunguka. Pampu hiyo wakaiita Impella. Kampuni ya Abiomed ya Massachusetts iliinunua mwaka 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu aina ya kwanza mwaka 2008, na mwaka 2016 ikaikubali rasmi kwa shoki ya moyo. Mwisho wa mwaka 2022 Johnson & Johnson iliinunua Abiomed kwa karibu dola bilioni 16.6. Hemopump nayo iliwahi kupita mikononi mwa Johnson & Johnson, zamani hizo, kabla haijafifia.

Tuitazame aina inayotumika sana, Impella CP. Sehemu yake nene ina takribani milimita 4.7, karibu na mrija wa kunywea soda. (Wauguzi watakwambia ni "frenchi 14". Kipimo hicho kilitoka kwa Charrière, fundi wa vifaa vya tiba wa Paris katika karne ya 19, na frenchi moja ni theluthi ya milimita.) Ncha yake imekunjwa kama mkia wa nguruwe ili isichome ukuta wa moyo. Nyuma ya ncha kuna madirisha ya kuingizia damu, na hayo hukaa ndani ya chumba cha kushoto, kama sentimita 3.5 chini ya vali ya aota, mlango ulio kati ya chumba hicho na aota. Kisha unafuata mrija unaopita katikati ya vali, vali ikijifunga kuuzunguka. Upande wa juu wa vali, ndani ya aota, ndiko kuna parafujo, madirisha ya kutolea damu na mota. Inazunguka hadi mara 46,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 760 kila sekunde, na kuhamisha lita 3.5 hadi 4 hivi kwa dakika.

Kwa kuwa damu inatoka mfululizo, haitoki kwa mapigo. Moyo ukiwa umechoka kabisa na pampu imebeba karibu kila kitu, mapigo kwenye kifundo cha mkono yanaweza yasisikike, na mgonjwa yupo, macho wazi, anaongea. Ndugu wanaoketi kando ya kitanda wanastahili kuelezwa jambo hilo mapema.

Lakini mota inayozunguka ndani ya damu ina tatizo ambalo parafujo haina. Damu ikipenya kwenye mwanya wa ekseli yake itaganda na kuisimamisha. Dawa yake ni ya kushangaza kwa urahisi: maji ya sukari. Mfuko wa dripu ya glukosi, ambao kwa kawaida hutiwa heparini ya kuzuia damu isigande, unasukumwa kwa presha kubwa kuliko ya damu kupitia mrija mwembamba hadi kwenye mota, ukitokea pale ambapo damu ingetaka kuingia. Ni matone machache tu, kati ya mililita 2 na 30 kwa saa. Sukari inayafanya maji yawe mazito kidogo na kuifunga njia vizuri zaidi. Uhai wa mota ya bei ya gari dogo unategemea mfuko ule usiishe bila mtu kuona.

Na hapa ndipo deni linapoanza kuhesabika. Seli hazipasuki kwa wingi pampu ikiwa mahali pake. Ikisogea sentimita moja, madirisha yakagusa ukuta au nyuzi za vali, au ikiwekwa kasi kubwa wakati chumba hakina damu ya kutosha, itavuta kwa nguvu isipopata, na seli zitaanza kupasuka. Dalili ya kwanza mara nyingi iko kwenye mfuko wa mkojo: mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi, halafu rangi ya kola. Ile ni hemoglobini iliyomwagika, na figo haziipendi. Heparini inaongeza hatari ya kuvuja damu. Mguu, kama tulivyoona, unaweza kukosa damu. Na mwaka 2024 FDA ilitoa tahadhari kuhusu pampu hizi kutoboa ukuta wa moyo, hasa zinaposukumwa bila kuangaliwa vizuri kwa picha: zilikuwa zimeripotiwa ajali kubwa 129, vikiwemo vifo 49. Pampu hazikuondolewa hospitalini. Maelekezo ya matumizi ndiyo yaliyobadilishwa.

Kwa hiyo, inaokoa maisha au haiokoi? Kwa muda mrefu majibu yalipingana, na sababu ya kupingana kwake inafundisha kuliko majibu yenyewe.

Mwaka 2017 madaktari wa Uholanzi na wenzao walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 48, nusu pampu, nusu puto. Baada ya miezi sita, nusu ya kila kundi walikuwa wamekufa. Ukisoma hapo tu utaiweka pampu kando. Ila karibu wote walikuwa moyo wao umesimama kabisa na kufufuliwa kabla hawajafika, na sababu iliyoongoza ya vifo ilikuwa ubongo uliokosa oksijeni. Pampu ya moyo haiwezi kuurudisha ubongo.

Mwaka 2020 ukaja uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali za Marekani, jozi 1,680 za wagonjwa waliofanana kadiri ilivyowezekana. Wenye pampu walikufa hospitalini kwa asilimia 45.0, wenye puto asilimia 34.1, na waliovuja damu sana walikuwa karibu mara mbili upande wa pampu. Ni takwimu ya kutisha. Lakini jiulize nani alipewa pampu. Daktari aliyesimama mbele ya wagonjwa wawili, mmoja mbaya na mwingine mbaya zaidi, ataipeleka mashine yenye nguvu kwa aliye mbaya zaidi, kwa kitu alichokiona kwa macho ambacho kumbukumbu hazikukiandika. Uchambuzi wa makaratasi hauwezi kuondoa kabisa upendeleo huo. Njia pekee ni kura: mgonjwa anapangiwa kundi kwa bahati nasibu, daktari asichague.

Kufanya kura kwa mtu anayekufa, huku ndugu wakilia koridoni na dakika zikihesabiwa, ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana jaribio lililokuja kujibu swali, DanGer Shock, lililoongozwa na Jacob Eifer Møller wa Denmark, lilianza mwaka 2013 na likamaliza kukusanya wagonjwa mwaka 2023. Miaka 10, nchi tatu, Denmark, Ujerumani na Uingereza, wagonjwa 355 waliohesabiwa mwishoni. Nawaheshimu sana watu hawa, kwa sababu wangeweza kuiharakisha kazi kwa kuufungua mlango zaidi, nao walikataa. Waliingizwa tu wale wenye mshtuko wa moyo wa mshipa kuziba kabisa, ambao chumba cha kushoto kilikuwa dhaifu, presha chini, na asidi ya lakteti ya damu ilionyesha viungo vimeanza kufa njaa. Aliyekuwa hajitambui baada ya moyo kusimama hakuingizwa. Aliyeshindwa upande wa kulia wa moyo naye hakuingizwa, maana pampu ya kushoto haina cha kusukuma ikiwa upande wa kulia haupeleki.

Matokeo yalitoka Aprili 2024. Katika siku 180 walikufa asilimia 45.8 ya waliowekewa pampu, na asilimia 58.5 ya waliopewa matibabu ya kawaida. Maana yake, kwa kila wagonjwa 8 wa aina hiyo waliowekewa pampu, mmoja aliishi ambaye vinginevyo angekufa. Kwenye ugonjwa huu, ambao kifaa baada ya kifaa kilikuwa kimeshindwa kusogeza idadi ya vifo, ni habari kubwa.

Sasa soma ukurasa wa pili wa matokeo yaleyale. Waliohitaji mashine ya kusafisha damu kwa sababu ya figo: asilimia 41.9 upande wa pampu, 26.7 upande mwingine. Waliovuja damu kwa kiasi cha kuhesabika: 21.8 dhidi ya 11.9. Waliokosa damu mguuni: 5.6 dhidi ya 1.1. Faida na deni vimo katika jaribio lilelile, kwa wagonjwa walewale. Anayekuonyesha nusu moja tu, ya kusifu au ya kulaani, hajakuambia ukweli wote. Na kwa mgonjwa aliye nje ya mlango ule mwembamba, deni lote lipo ila faida haijathibitishwa.

Hili lina uzito kwetu Afrika Mashariki pia. Pampu moja Marekani huuzwa kwa takribani dola 25,000 na hutumika mara moja tu, lakini bei si kikwazo pekee. Pampu haizibui mshipa. Inanunua muda wakati mshipa unazibuliwa. Kuzibua kunafanyika kwenye kathilabu, chumba maalumu cha kupitishia mipira kwenye mishipa ya moyo, na kathilabu zipo: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, Uganda Heart Institute pale Mulago, hospitali kubwa za Nairobi. Mgonjwa wa Sumbawanga au Lodwar aliyeshikwa na kifua alfajiri atafika huko siku gani, na nyama ya moyo itakuwa imebaki kiasi gani? Nikiulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, nitasema iende kwenye mashine ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo, ya hospitali ya wilaya, mtu anayejua kuisoma, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu iliyo rafuni leo, si wiki ijayo. Wagonjwa wanaotibiwa mapema hawafikii shoki kwa wingi. Pampu iwepo katika vituo vikubwa, pamoja na daktari wa mishipa wa kuuokoa mguu na mashine ya kusafisha damu ya kuzisaidia figo, kwa sababu bila hao wawili deni lake halilipiki.

Na pampu si ya kubaki humo. Baada ya siku chache, lakteti ikishuka na mkojo ukirudi, daktari anaanza kuipunguza kasi ngazi kwa ngazi, akiutazama moyo kwenye ultrasaundi: je, chumba kinajaza na kusukuma chenyewe, au kinavimba na kulegea? Kikimudu, kasi inateremshwa hadi ngazi ya chini, lakini haizimwi ikiwa bado ndani ya moyo. Mrija ule umepita katikati ya vali, na pampu ikisimama damu ya aota itarudi moyoni kwa kupitia ndani yake. Kwa hiyo inavutwa kwanza hadi itoke kwenye chumba na kuingia aotani, hapo ndipo inazimwa, kisha inateremshwa njia ileile iliyopandia. Tundu la kinenani linafungwa kwa uzi au kwa kubonyezwa kwa mkono muda mrefu bila kuachia, na muuguzi anaendelea kuufunua ule mguu kila saa.